Mkono wa Tano

Habari ya kifo cha Mama Consolata ilinikuta nikichora birika. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, huchora kitu kimoja kilicho mbele yangu, kwa kreyo, kalamu ya risasi, na bila kufuta, na kwa kuwa mbele yangu mara nyingi kuna birika, nina mabirika ya karatasi ya kutosha kufungua duka. Simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa namba nisiyoijua na ujumbe mfupi: "Mama alitutoka jana. Kilio iko Kasha, ku nyumba. Ni miye Riziki." Nilimaliza mshikio wa birika, maana mstari ulikuwa umekwisha kuanza, halafu nikakaa nikiutazama ujumbe ule mpaka chai ikapoa. Sikulia. Kitu nilichohisi kwanza kilikuwa aibu, na aibu ile naifahamu vizuri, nimeibeba tangu mwaka nilioishi upande wa pili wa ukuta wa mbao wa Mama Consolata.

Vijana wanaochora huja kunitembelea hapa mjini, Nyawera, wakiwa na vioo vyao vya kuchorea kwa kidole, na karibu wote huniuliza ni nani aliyenifundisha, nilitazama kazi za nani nilipokuwa na umri wao. Huwa nina jibu lililo tayari. Nawatajia picha kubwa za katekismu zilizotundikwa kanisani, ambamo hata shetani alikuwa amechorwa kwa subira. Nawatajia mabango ya vinyozi, vile vichwa vinne vilivyogeuka upande mmoja, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, vyote na sikio lile lile. Nawatajia vitenge, kwa sababu kitenge kilinifundisha kwamba ua linaweza kurudiwa mara mia bila kuchosha, na mbu wa kitabu cha sayansi, mwenye miguu mirefu kuliko haki yake. Namtaja Papa Zihindula, mwalimu wangu. Wanaandika yote hayo. Mama Consolata sijawahi kumtaja kwa mtu yeyote, naye hakuwahi kushika kreyo ila kuandika majina ya watoto wake juu ya madaftari.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitoka wapi na niliacha nini nyuma ni habari ndefu isiyo na kazi hapa. Itoshe kusema sikuwa na pa kurudi. Papa Zihindula alikuwa na atelye karibu na parokia moja ya Bagira, chumba kimoja chenye madirisha makubwa, na kazi ya pale ilikuwa kuchora zile ambazo watu wa afya huziita boîte à images: karatasi kubwa ngumu zilizofungwa pamoja juu, ambazo mhudumu huzigeuza moja moja mbele ya akina mama huku akieleza habari ya maji safi, chanjo, uji wa mtoto. Aliitazama michoro yangu ya kwanza akiwa amesimama, bila kuvua kofia. Akasema, "Mukono iko. Macho bado. Nitakupa mwaka moja. Mwaka ikiisha, ao unabakia, ao unaenda." Kisha akanyoosha kiganja, akanipokonya kifutio. "Gomme ni ya batu benye kuona haya. Ukikosea, acha kosa yako ikae pale, kesho utaipita." Ndivyo nilivyoanza desturi ya mchoro mmoja kila asubuhi kabla ya chai, nami sijaiacha mpaka leo, hata siku nilizolazwa hospitali.

Chumba nilikipata Kasha, kwa Mama Consolata. Kilikuwa kimeongezwa pembeni mwa nyumba yao, mbao tupu na manjanja, yaani mabati, juu, na mtu fulani kabla yangu alikuwa amebandika magazeti ukutani kuzuia upepo, hivyo nilipolala nilikuwa natazamana na matokeo ya mpira ya zamani. Meza yangu ilikuwa mlango uliotolewa mahali pengine, bado una tundu la kitasa, na kreyo zangu zilikuwa zikianguka humo kila wiki. Kati ya nyumba mbili za chini niliona kipande cha ziwa kisichozidi upana wa taulo. Nilikichora kipande hicho mara nyingi sana. Nilichora viatu vyangu, ndoo, mkono wangu wa kushoto, nusu ya avokado. Watu sikuwachora kwa kuwatazama, kwa sababu ili umtazame mtu lazima ukae naye, na mimi sikukaa na mtu. Atelye ilikuwa kimya, kila mmoja na meza yake. Nikitoka niliifuata njia ya udongo kurudi Kasha, nikasalimia wanaouza makala, makaa ya kupikia, nikaingia chumbani, nikafunga. Kuna wiki nzima ambazo, nikihesabu maneno niliyosema, hayajazi karatasi moja.

Kila siku jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, nilisikia bugali ikisongwa upande wa pili wa ukuta, kisha kimya kidogo, kisha sauti ya Mama Consolata: "Faida, kuya tukule." Nami nilijibu kupitia mbao, "Asanti mama, nimekwisha kula." Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeshika mkate wangu na avokado yangu, nangoja wao waanze kula ili sauti ya kutafuna kwangu isisikike. Sababu ni hii, na ni mara ya kwanza ninaiandika: niliogopa. Nilipoondoka nyumbani niliambiwa na kila aliyeniaga nisile kwa watu nisiowajua, kwa ajili ya karuho. Karuho ni sumu ambayo kwetu inazungumzwa kuliko inavyoonekana. Mtu akikohoa sana, ni karuho. Akikonda, ni karuho. Akifariki akiwa na mali, hapo ndipo hakuna anayeuliza. Nilikuwa msichana wa shule, nimesoma biolojia, na bado neno lile lilikaa tumboni mwangu mahali pa chakula. Siku nyingine walipika sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa nyanya na ile harufu ilipita kati ya mbao mpaka machozi yakanitoka, nami nikaendelea na mkate wangu.

Ukuta wa mbao hauna siri upande wowote. Jioni moja, kama mwezi wa tatu tangu nifike, nilikwisha kutoa jibu langu la kila siku, nikamsikia Papa Mugisho, mume wake, mwalimu wa shule ya msingi aliyezungumza polepole hata nyumbani, akisema: "Consolata, acha kumwita ule mutoto. Hauone anaogopa tutamupa karuho?"

"Ninajua," alisema Mama Consolata.

"Sasa unamwitia nini?"

"Yeye anatuogopa. Njaa yeye haimuogope."

Riziki, binti yao mkubwa, akacheka. "Labda anakulaka makaratasi yake." Na mdogo wake Noella akauliza kama karatasi inapikwa na chumvi. Nilikaa na mkate mkononi, uso ukiniwaka moto. Nilitegemea kwamba kesho yake sitaitwa tena, na nikajiambia kwamba itakuwa nafuu. Kesho yake, saa ile ile, sauti ile ile ikaja: "Faida, kuya tukule." Nami, Mungu anisamehe, nikajibu kwamba nimekwisha kula. Tuliendelea hivyo miezi mingine saba. Alikuwa anajua namwazia nini, na aliita. Leo, nikiwa na umri unaozidi wake wa wakati ule, najaribu kufikiri ni nani ningeweza kumwita mezani kila siku huku nikijua ananidhania muuaji, na simpati.

Mwaka ulipokaribia mwisho, Papa Zihindula alinipa kazi ya kunipima: karatasi tatu juu ya maji na usafi. Mwanamke anachota maji safi. Mwanamke anampeleka mtoto kituo cha afya. Mwanamke ananawa mikono kabla ya kula. Nilizichora kwa wino, kwa mwezi mzima, na nilizipenda. Mstari ulikuwa safi, kitenge kilikuwa na mikunjo ya kweli, na yule wa tatu alikuwa ameinama juu ya beseni vizuri sana, sahani yake ikimngoja mkekani, bugali na mboga ya lenga-lenga, mvuke unapanda. Mchoraji mmoja wa mabango ya vinyozi alikuwa ametamani nafasi yangu pale atelye, na alikuwa mzuri. Lakini mkunjo kama wangu hakuwa nao, nilijiambia.

Sasa, picha za namna ile hazichapwi kabla hazijapelekwa kwa watu watakaozitumia. Unaitundika karatasi, unauliza wanaona nini, unanyamaza. Huruhusiwi kueleza. Tulikwenda Mudaka, nje ya mji, Papa Zihindula, muuguzi wa kituo na mimi, tukakuta akina mama kama kumi na wawili wamekaa kwenye mabenchi ya chumba cha katekismu, miguu ikiwa bado na udongo wa shamba. Muuguzi alikuwa anatafsiri pale ambapo Mashi, lugha yao, ilikishinda Kiswahili. Papa Zihindula alitundika karatasi ya kwanza, akafungua daftari lake, akauliza, "Munaona nini hapa?"

"Tunaona mwanamuke bamemufukuza," alisema mmoja bila kufikiri sana. "Nani anaendaka ku mayi pekee yake?"

Karatasi ya pili wakaitazama kwa huruma. Yule na mtoto mgongoni, mbele ya mlango wa kituo, walisema ana ugonjwa usiotajwa, ndiyo maana hakuna dada wala jirani aliyemsindikiza. Papa Zihindula aliandika kila neno. Kisha akatundika ya tatu, ile niliyoipenda kuliko zote.

"Bwana yake alikufa," alisema wa kwanza.

"Hapana, ni mugonjwa. Ona, bamemuwekea sahani yake pekee."

Mwisho kabisa wa benchi alikuwepo bibi mmoja mwembamba aliyekuwa ameshika kiko kisicho na moto. Alisogea karibu, akaitazama karatasi yangu kwa jicho moja, kisha akasema kwa Mashi, na muuguzi akasita kabla ya kutafsiri. "Anasema, mutu mwenye kukula pekee yake, ni mugonjwa, ao iko mu kilio. Kama haiko mugonjwa, na haiko mu kilio, basi ni mulozi."

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Habari ya kunawa mikono hakuna aliyeiona. Beseni lilikuwa pale, maji yalikuwa pale, nimeyachora tone kwa tone, na macho yao yote yalikwenda kwenye ile sahani moja. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta wa kanisa, nikalia hasa, kwa kwikwi, nimeziba mdomo na kitambaa cha kufutia wino. Nilikuwa nimeogopa wachawi mwaka mzima, na bibi asiyenijua amenitazama kupitia karatasi akaniona mimi ndiye.

Tulirudi kwa miguu sehemu ya njia kwa sababu gari lilikuwa limekwama kwenye matope. Papa Zihindula hakunikemea. Alisema, "Balikuona weye. Karatasi hata hawakuiona." Kisha: "Niko na nafasi moja tu, mwana wangu. Zile mbili zitangoja, lakini ya tatu unarudisha mu wiki mbili. Kama inarudi vile ilikuwa, itaniuma, lakini nitamutwaa ule wa vinyozi."

Jioni ile nilikaa mezani, juu ya ule mlango, na karatasi tupu. Nilitaka kuchora watu wanaokula pamoja na niligundua sijui wanakaaje. Magoti yanaelekea wapi? Mkono wa mtoto unafika sahanini kwa kupitia juu ya mkono wa baba au chini yake? Nani hushika beseni? Niliyasikia haya mambo kila siku kwa miezi kumi, na sikuwa nimeyaona hata mara moja. Bugali ikasongwa. Kimya kidogo. "Faida, kuya tukule."

Nikasema, "Nakuya, mama."

Nilipoingia walikuwa wamekwisha kusogea, kuna nafasi kwenye mkeka kati ya Riziki na Noella. Riziki alinimiminia maji mikononi kutoka kwenye jagi, juu ya beseni la bluu lenye ufa. Palikuwa na sahani moja kubwa ya bugali na bakuli la sombe, majani ya muhogo. Mama Consolata akamega tonge dogo, akalichovya upande wangu, upande ule ule ambao mkono wangu ungefika, akalila, akalimeza, huku akizungumza na mumewe juu ya manjanja yanayovuja. Kisha akanisogezea bakuli. Hakunitazama. Mwenye nyumba kuonja kwanza mbele ya mgeni ni desturi yetu, kila mtu anaifanya na pombe ya ndizi, wengine kwa kelele na mizaha. Yeye aliifanya kana kwamba ni njaa tu. Nilikula. Sombe ilikuwa imepikwa na mafuta ya mawese, na nilikula mpaka Noella akasema, "Leo karatasi ilikwisha," na baba yake akamkanyaga mguu.

Nilikula pale kila siku kwa wiki mbili, na kila siku alionja kwanza. Nilikuja na daftari kwenye goti la kushoto, nikichora kwa haraka kati ya tonge na tonge, karatasi zangu za wakati ule zina madoa ya mafuta mpaka leo. Pale ndipo nilipojifunza kuchora. Papa Zihindula alinifundisha mstari, lakini kuutazama mkono unaofanya kazi bila kujua unatazamwa nilijifunza kwa Mama Consolata, kwa vidole vyake vifupi vilivyochambua sombe bila yeye kuvitazama. Watu wanne niliwapata, magoti, mabega, matone yakidondoka kwenye vidole vilivyotoka kunawishwa. Na kwa kuwa nilichora kile nilichokuwa nakiona kutoka mahali nilipokaa, chini ya karatasi ukaingia mkono wa tano, wangu, umekatwa na ukingo, unaelekea kwenye sahani ukidondosha maji. Sikuutambua mpaka wino ulipokauka.

Mudaka walihesabu. "Batu ni bane," alisema yule wa kwanza. "Lakini mikono kwenye sahani iko tano." Papa Zihindula alinigeukia kwa jicho la mtu aliyenyang'anya kifutio akajuta. Bibi wa kiko akasogea tena. Alisema, na muuguzi akatafsiri akitabasamu, "Anasema ni mugeni, haujue kuona? Ata ule mugeni alinawa." Karatasi ikawa imepita. Mkono ukabaki, ukachapwa, na kwa miaka mingi uligeuzwa mbele ya akina mama katika vituo ambavyo sijawahi kufika.

Nafasi nikaipata. Kazi ikahamia mjini, na mimi nikahamia nayo kabla ya mwezi kwisha. Nilimpelekea Mama Consolata karatasi moja iliyochapwa, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Utakuyaka dimanche." Nilikwenda Jumapili mbili. Kisha kulikuwa na kazi, kisha mvua, kisha aibu ya kutokwenda, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyonizuia miaka mingi kuliko yote. Kutoka Nyawera mpaka Kasha si safari. Nimekuwa nikila peke yangu hapa, nikichora mabirika, na watu wananiita mkubwa wa kazi hii.

Nilifika kilioni mchana. Nyumba sasa ni ya matofali, lakini chumba changu cha mbao bado kipo, wanaweka makala humo. Riziki alinitambua kabla sijasema jina. Ana mvi kama mimi. Alinikumbatia kifupi, akaniambia, "Miaka yote ile, na uko tu hapa Nyawera," nami nikamfuata ndani. Sebuleni, karibu na picha ya mama yao yenye ua la plastiki, ilikuwepo karatasi yangu kwenye fremu, rangi yake imekwisha kuwa ya chai. Mahali pa mkono wa tano kioo kilikuwa na ukungu wa kuguswa. "Bageni wote mama alikuwa anabaonyesha pale," alisema Riziki. "Hakuonyeshaka uso yake mwenyewe. Anasema tu: huyu wa hapa anakulaka kwetu."

Walileta beseni, Noella akanimiminia maji. Nilikaa kwenye mkeka. Sahani ilipowekwa, Riziki, bila kunitazama, akanyoosha mkono upande wangu ili aonje kwanza, vile vile kama mama yake. Niliushika mkono wake kabla haujafika. Nikamega mimi, nikachovya, nikala.